Karatasi Nyeupe Mezani

Masinga, 2 Juni 2025

Mpendwa Baba,

Habari za Syokimau? Huku bwenini tuko salama, ni vumbi tu. Susu, mamako, anakusalimu kutoka Kivaa. Anauliza kama mwanawe anakula.

Nimechaguliwa kwa chemsha bongo ya televisheni, studio hiyo yako unakofanya ufundi wa taa. Majibu ninayajua. Shida ni uso. Mwalimu alinirekodi kwa simu. Mimi huongea nikiangalia chini, kwa hivyo macho yalitoka kama mashimo mawili. Lavender wa timu yetu akacheka: “Ndinda, unaenda kujibu ama kutisha watoto?” Nikiinua kichwa, majibu yanapotea.

La pili naogopa, lakini wacha niliandike. Tangu uhame nyumbani hatujasalimiana ana kwa ana. Siku hiyo utashuka kutoka huko juu kwa taa, tusalimiane?

Mwanao,
Ndinda

Syokimau, 14 Juni

Kwa binti yangu Ndinda,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo. Ni hizi ngazi.

Hongera. Taa zetu zinaning’inia juu, kwa hivyo anayeinama anajitilia kivuli mwenyewe. Inua kidevu tu. Wote huambiwa hivyo.

Kushuka siahidi. Kazi huwa nyingi.

Babako,
Masila

Masinga, 20 Juni

Baba,

Natumai mgongo umepoa. Nimejaribu. Kidevu kimekataa. Usijali.

Ndinda

Kivaa, 10 Agosti

Mpendwa Baba,

Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima. Tuko likizo.

Tulikuwa wa pili kwa chemsha bongo. Kabla ya kurekodi, msimamizi alipita akisema, “Wewe, kidevu juu. Na wewe.” Aliponifikia hakuniambia hivyo. Mbele yangu, kwa meza yangu peke yake, kulikuwa na karatasi nyeupe ya manila imebandikwa. Nikauliza kama ni ya kuandikia.

“Usiiguse,” akasema. “Inarudisha mwanga usoni. Fundi wa taa ameshinda kwa kiti chako tangu asubuhi, ameinama, akiisogeza-sogeza. Tukamwambia huyo msichana ataambiwa ainue kichwa. Akasema hapana, ataangalia chini.”

Nilitazama juu kwa vyuma vya taa. Taa zilikuwa kali, sikuona mtu. Nikainama, nikajibu.

Jana kipindi kilionyeshwa. Macho yangu yote mawili yanaonekana. Susu alitazama mpaka mwisho, kisha akasema, “Hata Masila alikuwa anainama hivyo.”

Hukushuka. Karatasi niliibandua, nikaja nayo.

Mwanao,
Ndinda