Masizi ya Handaki

Jumatatu, 6 Februari

Nimepalilia maharage hadi jua likawa kali. Kisha nimesoma somo la nne la akiolojia ya Biblia. Miaka sabini na mmoja, na bado mwanafunzi. Sioni haya.

Mchana imeletwa barua ya baraza la wazee wa usharika, baraza ambalo mimi mwenyewe ni mjumbe wake. Handaki lililo nyuma ya zizi langu lizibwe kwa mawe na zege kabla ya Pasaka, kwa kuwa ni mahali pa matambiko. Natakiwa kutia saini. Handaki hilo babu yangu alilichimba kwenye mteremko kwa mikono yake.

Ushahidi wao ni mahubiri yangu. Nilikuwa mwinjilisti kijana. Niliingia humo na kurunzi, nikaona masizi ukutani, nikatangaza kanisani kwamba ni moshi wa sadaka za mizimu. Mama alinikanusha siku ileile. Alisema bibi yangu alijificha humo na watoto wakati wavamizi walipokuja kuchukua ng'ombe. Nilimjibu kwamba shetani hakosi maelezo. Hakubishana tena mpaka alipofariki.

Sijatia saini. Nimeandika kwamba nitajibu nikirudi kutoka safari ya masomo.

Ijumaa, 10 Februari

Tumeondoka wanafunzi kumi na wawili wa chuo cha Biblia, pamoja na mwalimu wetu. Wote wangeweza kuwa wajukuu zangu. Emanueli, kijana wa kijiji cha Gehandu, amenibebea begi ili apate nafasi ya kunitania.

"Babu, ukifika huko usiulize habari za Musa kana kwamba mlikaa dawati moja."

Nimemjibu kwamba Musa alikuwa nyuma yangu darasa moja. Wamecheka hadi uwanja wa ndege.

Jumatatu, 13 Februari

Yerusalemu. Baridi na manyunyu. Tumesimama mbele ya ukuta uliobaki wa uwanja wa Hekalu. Niliambiwa nifunike kichwa. Kwetu mwanamume huvua kofia aingiapo mahali pa sala. Nilifunika. Mungu hapimwi kwa kofia.

Wengine walichomeka vikaratasi vya maombi kati ya mawe. Mimi niliweka kiganja tu. Watu hawa wameyashika mawe ya baba zao vizazi kwa vizazi, na hakuna aliyewaambia wayamwagie zege.

Nilikasirika. Nilisali nikiwa na hasira. Sijui kama inaruhusiwa.

Jumatano, 15 Februari

Magofu ya kijiji cha kale cha Wayahudi. Kisima cha utakaso kimechongwa mwambani, ngazi zake zimegawanywa kwa kijiukuta. Mtu alishuka upande mmoja akiwa najisi, akapanda upande wa pili akiwa safi. Nilijiuliza ni mara ngapi nimepanda mimbarani kwa upande wa kushukia.

Tirza, mwanaakiolojia anayetuongoza, ni mama mfupi mwenye viatu vilivyochakaa. Mwalimu wetu humtafsiria. Nilimuuliza amejuaje kwamba si ghala. Alisema hawaanzi na jibu. Huanza na ukuta: lipu, ngazi, mahali maji yalipoingilia.

Nimekosa usingizi kwa sababu ya sentensi hiyo.

Alhamisi, 16 Februari

Leo tumeshuka kwenye mahandaki ambamo Wayahudi walijificha walipowaasi Warumi. Tumetambaa kwa tumbo. Kuna kona kali, nyembamba. Emanueli alikwama, ikabidi avutwe miguu. Tirza alieleza kwamba kona ilimlazimisha askari aingie kichwa mbele, peke yake, bila ngao.

Handaki la babu lina kona kama ile. Mimi niliiita njia ya nyoka. Niliihubiri hivyo.

Baada ya kona, ukutani, kuna kishimo cha ukubwa wa kiganja. Juu yake masizi. Emanueli aliuliza kama ni madhabahu.

"Taa," alisema Tirza.

Niliketi hapohapo. Je, chini ya masizi ya kwetu kuna kishimo? Sikumbuki. Nilitazama masizi peke yake, kwa kuwa ndiyo niliyoyafuata.

Ijumaa, 17 Februari

Binti yangu Paskalina amepiga simu.

"Shikamoo baba. Mawe yameshamwagwa hapa, trekta mara mbili. Wanasema ulikubali kwa sababu hukukataa."

"Marahaba. Mtu asiguse handaki."

"Wakija?"

"Kaa mlangoni."

"Baba, mimi nina ng'ombe wa kukamua!"

"Kamulia mlangoni."

Alhamisi, 23 Februari

Nimefika nyumbani, Tumati. Handaki liko wazi. Paskalina amefunga ng'ombe wote wanne mbele yake tangu Jumamosi. Samadi imefika kwenye kifundo cha mguu. Binti huyu hajasoma teolojia.

Nimeingia kabla ya kunywa chai. Nimepita kona. Nimeyafuta mavumbi chini ya masizi.

Kishimo kipo. Kiganja changu kimeenea. Kiko kwenye kimo cha mwanamke aliyeketi, na chini yake udongo umelainika kwa kukaliwa. Hakuna mfupa. Hakuna jivu.

Mama alisema kweli.

Jumamosi, 25 Februari

Mchungaji amekuja na wazee sita, mifuko ya saruji na makoleo. Ana umri wa mwanangu. Aliniamkia shikamoo kabla ya kuanza kunigombeza, nami nikaitika.

"Mzee, wewe ndiye uliyetufundisha."

"Niliwafundisha uongo."

"Ukipinga baraza, utaondolewa uzee wa kanisa."

"Niondoeni."

"Na Meza ya Bwana?"

Hilo liliniuma. Nimekula kwenye meza hiyo tangu ujana wangu. Niliketi mdomoni mwa handaki, nikamwalika aingie aone. Alitazama samadi, akatazama viatu vyake. Mzee Tluway ndiye aliyevua koti na kutambaa ndani. Alikaa sana. Alipotoka magoti yalikuwa meupe kwa vumbi. Alichukua koleo lake, akaenda nyumbani. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Jumapili, 26 Februari

Baada ya matangazo nilisimama. Nilisema kwamba yale masizi ni ya taa ya bibi yangu aliyejificha na watoto wake, na kwamba nilimshuhudia mama yangu uongo mbele ya usharika huu. Nikaketi.

Mchungaji alisoma uamuzi hata hivyo. Nimeondolewa uzee. Nisishiriki Meza ya Bwana hadi nitakapotubu.

"Nimemaliza kutubu sasa hivi," nilisema. "Mmesikia wote."

Mwanamke mmoja nyuma alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Sitabadili neno. Nitaketi benchi la mwisho kila Jumapili, wanione.

Jumanne, 28 Februari

Mvua ndogo tangu asubuhi. Mawe ya usharika yangali yamelala uani, hakuna aliyeyafuata.

Nimekitoa kibatari cha mama stoo, nikakitia mafuta, nikaingia nacho. Kimekaa kishimoni bila kuyumba. Nimewasha. Moshi umepanda taratibu na kugusa palepale penye masizi.

Nimeketi chini yake, mgongo ukutani. Nje Paskalina anakamua. Nasikia maziwa yakipiga ndoo.

Nimesema shikamoo, mama. Nikangoja kuitikiwa.