Muhuri Niliomdai Mjomba Mazishini

Mama,

Ningeanza kwa kukuamkia, lakini hata salamu sasa inanishinda, na utaona sababu kabla sijamaliza. Niko ofisini Kisumu, mlango nimeufunga, chai imepoa. Mbele yangu kuna faili ya Mama Neema, yule muuza omena, dagaa wa ziwani, wa Asembo Bay, na kufikia kesho lazima niandike kama arudishwe kwao Tanzania au aachwe. Mapendekezo kama haya nimeyaandika miaka mingi bila shida. Leo mkono umekataa.

Unakumbuka nilivyoanza upande wa forodha? Nilikuwa nakuja kwako Nyamasaria na vumbi la mpakani viatuni, nawe unaniuliza leo nimekamata nini. Sukari ya magendo, nakuambia, lori zima, imefichwa chini ya magunia ya mahindi. Ulikuwa unacheka hadi unashika mbavu. Ukawaambia majirani kwamba mwanao ni askari wa sukari, nami nikanuna, maana mimi si askari, mimi ni mpelelezi. Kisha wakanihamishia uhamiaji. Nikaacha kupekua malori, nikaanza kupekua watu, na sikugundua kwamba wewe uliacha kuuliza habari za kazi.

Mbinu yangu unaijua, kwa sababu nilijisifia nayo mezani kwako. Watu wa huku, ukimwambia mtu "Shikamoo" sokoni, anakutazama kama umetoroka darasani, anakujibu "Poa tu." Aliyelelewa ng'ambo ya mpaka huitikia "Marahaba" kabla hajafikiri. Hapo mtu hajapatikana na kosa, lakini mimi nimeshapata pa kuanzia. Ndivyo nilivyompata Mama Neema. Nilimwamkia kwa adabu mbele ya meza yake ya omena, akaniitikia vizuri kabisa, nami nikafungua daftari.

Nilikusimulia hayo jioni ile huku nikicheka. Wewe ulikuwa unaniongezea mboga. Ukauliza, "Ana watoto?" Nikasema wanne, wote wamezaliwa hapa. Ukaweka upawa chini, ukasema, "Kamata sukari, mwanangu. Sukari haina watoto." Nilidhani ni huruma za uzee, nikaendelea kula.

Mwezi uliofuata, Mama, ukatutoka. Tukakupeleka nyumbani kwa Baba, Rarieda, ukalazwe karibu naye. Sisi watoto tulikuwa tumeambiwa kwenu ni Muhuru, huku huku Kenya, kwa hiyo nilingoja wajomba wa Muhuru. Wakaja wazee watatu kwa gari lenye namba za Tanzania. Mkubwa wao alikuwa na pua yako, Mama. Akanishika mkono akasema, "Pole sana, mjomba. Tumetoka Shirati tangu alfajiri. Dada yetu yuko wapi?"

Na mimi, hatua tatu kutoka kwenye jeneza lako, nikamjibu, "Mmegonga muhuri mpaka gani?"

Sikukusudia, naapa. Ni kazi ilisema. Waombolezaji waliokuwa karibu wakageuka kunitazama. Yule mzee hakukasirika. Alitia mkono ndani ya koti, akatoa karatasi yake ya kuvukia mpaka, akanipa kwa mikono miwili. Nikaisoma yote, hadi tarehe, kabla sijamwonyesha kiti. Aibu ile sijui nitaipeleka wapi.

Akinyi akanivuta nyuma ya nyumba. Dada yangu huyo mdogo, ambaye nimemlipia karo, alikuwa anajua siku zote. Alisema Baba alikuoa kwa ng'ombe, hakuna cheti chochote, na chifu wa siku hizo akaandika barua kwamba ulizaliwa Muhuru ili upate kitambulisho. Ni habari ya Mama Neema hiyo hiyo iliyo kwenye faili yangu, neno kwa neno, hata mume kufariki bila cheti cha ndoa.

"Nani mwingine anajua?" nikauliza.

"Wote. Isipokuwa wewe." Alikuwa analia na amekasirika kwa pamoja. "Si wewe ndiye mpelelezi? Mbona mama yako hukuwahi kumuuliza?"

"Mbona yeye hakuniambia?"

"Alisema ukijua utalazimika kuchagua. Na kila tukisikia gari lako getini, alikuwa anaficha picha za kwao chini ya godoro."

Hapo ndipo ninapopotea, Mama. Kutotaka nichague, hiyo ni huruma ya mzazi. Lakini kuficha picha za ndugu zako nikibisha hodi, hiyo ni nini? Tangu jioni ile nilipojisifia habari za Mama Neema, kila nilipokuamkia "Shikamoo" hukuniitikia tena "Marahaba." Ulikuwa unasema "Umefika?" Basi. Nimekumbuka hilo juzi nikinyoa ndevu, nikakaa chini bafuni. Uliniogopa? Mimi, uliyenibeba mgongoni?

Kuna siku nakukasirikia. Nimewarudisha watu kwao kwa uongo mdogo kuliko wako, na sheria bado naiamini, sitakudanganya. Siku nyingine nataka kurudi kwa kila mmoja wao nimwombe radhi. Asubuhi niko hivi, mchana niko vile. Nikipendekeza Mama Neema aachwe nikanyamaza juu yako, nitakuwa nimeandika uongo ndani ya faili ya serikali. Nikikutaja, watasema namtetea kwa sababu yako, na faili apewe mwingine ambaye huenda ni mkali kuliko mimi. Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini hawakusema mgonjwa aende wapi.

Nimeiacha barua hii kwa muda, nikaandika kile kilichonishinda tangu asubuhi. Nimependekeza aachwe, asaidiwe kuandikisha ndoa yake kwa ushahidi wa wazee. Chini ya hapo nimekutaja kwa jina, nikaongeza kwamba mama yangu mzazi alizaliwa Shirati, akaishi Kenya kwa barua ya uongo hadi alipofariki. Nimetia sahihi. Tarishi ameshaichukua faili, na jina lako limo ndani yake, Mama, kwa mwandiko wangu. Sijui kama nimekutetea au nimekushtaki.

Pumzika kwa Baba,

Mwanao wa kwanza