Kopo Lako la Mkaa, Shangazi

Mpendwa Shangazi,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu barua huanza hivyo. Shikamoo pia, nisije nikaitwa mtoto asiye na adabu.

Unalikumbuka lile kopo la mkaa uliotwangwa na chumvi? Kila asubuhi kabla sijaenda shule ulinisimamisha nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ukanishikisha mswaki mgumu. "Sugua kwa nguvu," ulisema. "Sisi ni watu wa kutafuna kahawa mbele ya wageni. Meno ya msichana ndiyo heshima ya kwao." Nikitema damu ulifurahi, eti uchafu unatoka. Mama alisimama mlangoni kimya, kwa kuwa wewe ni wifi yake na baba hakutaka kusikia dada yake akipingwa.

Nilipofika kidato cha pili fizi za chini zilikuwa zimeshuka, mizizi ya meno mawili ya mbele iko nje, ya njano. Maji ya baridi yalinichoma hadi masikioni. Siku ile walipokuja wageni kutoka Isingiro, ulipitisha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo. Nilipofungua mdomo ukasema, wote wakisikia, "Funga, unafanana na marehemu bibi." Walicheka. Ulicheka kuwashinda. Tangu hapo nikawa nacheka kiganja kikiwa mdomoni, na darasani sikunyoosha mkono hata nilipojua jibu.

Kisha ukahamia Bukoba na utaalamu wako.

Nilipomaliza kidato cha nne mama alinipeleka Mwanza. Daktari wa meno alinipa mswaki, nimwonyeshe ninavyosugua. Nikasugua kama ulivyonifundisha. Akanishika mkono.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Shangazi."

"Mna ugomvi?"

Mama alicheka, halafu akalia.

Walinichoma sindano ya ganzi, wakakata kipande chembamba cha nyama kwenye kaakaa langu, wakakishona juu ya ile mizizi. Sikuumia, ila nilihisi uzi ukivutwa. Wiki mbili nilikula ndizi zilizopondwa na kupoa, nikiogopa hata kupiga chafya, kisije kikabanduka. Kimeshika. Daktari alisema nikirudia kusugua vile, fizi zitashuka tena.

Sasa umetuma ujumbe kwamba Asimwe, mdogo wangu wa miaka saba, aje kwako likizo umfundishe kusafisha meno mapema. Mama aliusoma, akanipa simu. Kwa hiyo najibu mimi, ambaye hujawahi kunisikia nikikukatalia kitu.

Asimwe haji. Kopo lako uliloliacha hapa nimelitumbukiza chooni. Ukija kututembelea, kahawa nitakupitishia mimi mwenyewe, na nitacheka bila kiganja. Safari hii utafunga mdomo wewe.

Kaa salama hukohuko,

Mtoto wa kaka yako