Viti vya Kaunta

Tarehe 4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mume wangu fundi anakusalimu, yuko juu ya paa la watu tangu Jumatatu. Sikio linasemaje? Ningepiga simu, lakini hunisikii mpaka nipige kelele, na habari za tumboni mwangu sitaki majirani wazijue kabla yako.

Ndiyo, mama, umesoma vizuri. Huu ni mwezi wa nne.

Tatizo ni miguu. Pale kaunta namba tatu nasimama tangu supamaketi ifunguliwe mpaka ifungwe, na jioni viatu havitoki mpaka fundi avivute. Nesi amenikanya, amesema nikae. Nikamwendea meneja wetu, yule tunayemwita Tabasamu kwa sababu hupita nyuma yetu akinong'ona "tabasamu, tabasamu". Nikaomba kiti. Akasema mteja akimwona keshia amekaa, anadhani amechoka, na keshia akichoka, mteja anadhani hata nyanya zimechoka.

Sasa muuza nyama wa kaunta ya nyuma anaandikisha watu kwenye chama cha wafanyakazi. Anasema dai la kwanza ni viti. Wewe umesimama dukani maisha yako yote, mama. Nijiunge?

Kitindamimba wako


Tarehe 15 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mimi mzima, ukiacha sikio, ukiacha magoti, ukiacha jogoo wa jirani ambaye namshukuru Mungu simsikii tena. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikacheka peke yangu mpaka jirani akaja kuchungulia. Mjukuu! Nimeshaanza kufuma soksi.

Kuhusu chama, jibu ni hapana. Sisi tulijiunga. Kila mwezi tulikatwa mshahara, na katibu wetu alijua kuongea, we acha tu. Siku tulipogoma tukamwona ndani ya gari la tajiri, kiti cha mbele, na sisi tuko nje ya geti na mabango yetu. Miguu yangu unaijua, mishipa imetokeza hata soksi haziifichi. Hakuna chama kilichokuja kuikanda.

Nyamaza, mwanangu. Zaa kwanza, kelele utapiga baadaye. Jioni loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu na chumvi.

Mama yako


Tarehe 21 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini sikio limepata nafuu. Mtoto anacheza, hasa nikila kitu kitamu.

Usikasirike. Nimejiunga.

Nilikuwa nimegeuza kreti la soda nyuma ya kaunta, nakaa wateja wakipungua. Tabasamu akalipiga teke nikiwa juu yake. Sikufika chini, niliwahi kushika kaunta, lakini mteja mmoja alicheka na Tabasamu akacheka naye. Jioni ile ile nikaenda chumbani kwa muuza nyama, nikatia sahihi. Tulijazana kitandani kwake na juu ya ndoo, tukabishana kuhusu viti mpaka mvua ikakatika. Wengine walisema stuli zinatosha, tusijifanye mabosi. Mimi nikakataa. Nikasema viwe na pa kuegemea, kwani mgongo nao ni wangu. Walinicheka, lakini wakaandika hivyo hivyo.

Mama, sijawahi kusikilizwa namna ile.

Jumatatu Tabasamu alikuwa ameshayajua majina yetu. Nimetolewa kaunta, nimepelekwa stoo kupanga magunia ya mchele na katoni za mafuta. Muuza nyama anasema chama kimeshapeleka malalamiko, nivumilie kidogo.

Kitindamimba wako


Tarehe 30 Machi

Mwanangu,

Toka hapo. Salamu baadaye.

Unanyanyua magunia na tumbo hilo? Mwambie huyo muuza nyama aje ayanyanyue yeye, au chama kizima kije kishike upande mmoja. Sitaki viti, nataka mjukuu. Rudi nyumbani. Chumba chako nimekifagia, na soksi moja imekwisha. Kama fundi anakataa, mlete naye, paa letu linavuja.

Nijibu upesi. Naogopa.

Mama yako


Tarehe 18 Aprili

Mwanangu,

Jibu sijapata. Nimepiga simu, fundi akapokea. Maneno sikuyashika, nilisikia mtu analia tu. Ni nani aliyekuwa analia?

Mama


Tarehe 9 Mei

Mama,

Shikamoo. Alikuwa fundi.

Mtoto hayupo. Nilikuwa nashusha katoni ya mafuta kutoka rafu ya juu. Nikasikia kitu kimechomoka kiunoni, nikakaa sakafuni, na nilichowaza kwanza ni kwamba Tabasamu atanikuta nimekaa. Alikuwa wa kike.

Chama kilikuja, nisiwasingizie. Muuza nyama alitafuta gari la kunipeleka hospitali, wenzangu walilala kwenye benchi kwa zamu, na wao ndio waliokwenda na fundi kumzika. Kunirudishia kazi wameshindwa. Tabasamu ameandika kwamba siku nilizolazwa nilikuwa mtoro, akanifukuza. Kesi ipo, inapigwa danadana. Fundi amepata kazi ya mbali na tunahama kesho kutwa, anwani iko nyuma ya karatasi hii.

Usiniandikie kwamba ulinikanya. Nakuomba, mama.

Mwanao


Tarehe 2 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, ingawa salamu zenyewe hujanitumia. Mimi mzima. Hii ni barua ya tatu tangu uhame, na usipojibu nitaandika ya nne, unanijua.

Juzi nilikwenda kule mjini mlikokaa zamani, kliniki ya sikio. Nimepewa kifaa, sasa jogoo namsikia tena, bahati mbaya. Nilipotoka, miguu ikanipeleka dukani kwenu. Viti vimefika. Viti virefu, vyeusi, miguu ya chuma, kila kaunta na chake. Foleni ya namba tatu ndiyo iliyokuwa ndefu, nikapanga hiyo hiyo.

Msichana aliyekaa pale ni wa rika lako. Nikamuuliza viti vimekuja lini. Akasema mwezi uliopita, meneja wao ana roho nzuri, amewaonea huruma. Nikamuuliza kama yuko kwenye chama. Akasema, "Cha nini, mama? Viti si vipo?" Nikamwambia mwanangu alikuwa anasimama hapo alipokaa yeye, tena mjamzito. Akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Pole, mama. Mbona hakuomba kiti?"

Watu nyuma yangu walishaanza kuguna. Nikalipia chumvi yangu, nikaenda kaunta ya nyuma. Muuza nyama wenu hayupo, kuna mwingine, hata hamjui.

Nilidhani havitakuja, mwanangu. Vimekuja, na nimelia njia nzima. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako


Tarehe 20 Desemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tuko salama. Fundi anakula vizuri, mimi nakula kiasi. Nimefurahi sikio limefunguka. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu.

Yule msichana usimkasirikie, hakuambiwa. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kuna jambo moja hukuniandikia. Vina pa kuegemea?

Ukirudi kliniki, pita tena dukani. Usimuulize mtu. Angalia tu nyuma ya mgongo wa msichana yule, halafu unijibu.

Kitindamimba wako