Mmea Uliopewa Jina la Shantel

Nairobi, 4 Machi 2023

Kwa kaka Gedion,

Natumai mko salama hapo Molo, na kifua cha Mama kimetulia. Mimi niko sawa.

Ule mmea wa kuparamia miti ulioutoa msitu wa Mau, nimeulinganisha na mimea yote iliyokaushwa kwenye makabati yetu hapa kazini. Haumo. Profesa Sitati, mkubwa wangu, anasema tukipata tunda tutauelezea rasmi na kuupa jina. Nitaomba liwe lako. Tafadhali nitafutie tunda.

Dada yako,
Jepkemei

Molo, 29 Aprili 2023

Kwa dada Jepkemei,

Salamu nyingi. Mama bado anakohoa.

Tunda ndilo hilo, Kipkemei jirani amekubali kulituma. Matunda yanakaa juu kabisa, pale jua linafika. Nikishuka tawi lilikatika. Nyonga imevunjika, naandika nikiwa hospitali. Daktari anasema sitawahi kutembea bila mkongojo. Viazi viko shambani na sijui nani atachimba. Kuja hata siku moja. Mama analia sana.

Kaka yako,
Gedion

Nairobi, 20 Mei 2023

Kaka,

Pole sana. Unaendeleaje? Mwezi huu siwezi kuja, tunda litaoza nisipolichora na kulipima sasa. Mbegu zake zina manyoya marefu ambayo jamaa zake wote hawana. Hayo ndiyo yanathibitisha ni aina mpya. Vumilia, nitakuja tukimaliza.

Dada yako,
Jepkemei

Nairobi, 11 Novemba 2024

Kaka Gedion,

Habari ya nyumbani? Barua zangu tatu hujajibu.

Makala imetoka, nakala ndiyo hiyo. Jina si lile nililokuahidi. Profesa alitaka la mke wake, Shantel. Mkataba wangu ulikuwa unaisha, nikanyamaza. Sasa umeongezwa. Wewe umeshukuriwa mwishoni, pamoja na dereva. Nisamehe. Nitakuja Krismasi.

Dada yako,
Jepkemei

Molo, 2 Desemba 2024

Jepkemei,

Natumai u mzima. Sisi tuko.

Mama aliniambia nimsomee hiyo makala. Nikamsomea urefu wa jani, rangi ya ua, manyoya ya mbegu. Nilipofika kwa jina akauliza, “Huyo ni nani?”

Nikamwambia ni mtu wa Nairobi.

“Na wewe wamekuweka wapi?”

Nikamwonyesha pale mmesema tunda lilipatikana mita ishirini kutoka chini. Hamkusema nani alipanda huko juu.

Ukija, kuja Jumanne. Jumanne huwa niko kliniki, utampata Mama peke yake.

Gedion