Mume Wangu Ameupa Mtaa Jina Langu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa naomba nikitabasamu, maana nina miezi miwili ya ndoa na sidhani kama Mlingotini yupo mwanamke anayependwa kama mimi, na mume wangu Masoud alinipa zawadi iliyowanyamazisha hata mawifi zangu, aliingia kwenye ramani ya simu, akafuta jina la mtaa wetu, Kwa Bibi Ashura, akaandika Mahaba ya Wahida, ndiye mimi, na ramani ikakubali, nikalia, nikawatumia mashoga zangu wote picha.

Tatizo ni majirani. Juzi palikuwa na msiba hapa mtaani, kaka wa marehemu akatoka Mkange, akatafuta Kwa Bibi Ashura kwenye simu asipaone, akapitiliza hadi Kerege, akafika watu wameshatoka makaburini. Sasa Jumapili tuna maulidi nyumbani, nikaenda kumwalika Mama Mwanajuma, mjukuu wa huyo Bibi Ashura, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, sisi ni watu wa Kwa Bibi Ashura. Hapo Mahabani pako hatupajui, tutapotea njia." Waliokaa naye wakacheka. Mshauri, huu si wivu? Na nikimwambia Masoud alifute, si ataona nimelikataa penzi lake?

Wahida, Mlingotini

Wahida mwanangu, hongera kwa ndoa. Kupendwa ni jambo zuri, na sikuonei gere.

Lakini wivu toa. Mama Mwanajuma na utu uzima wake atamani kuitwa mkazi wa Mahabani? Mtu amekosa kumzika ndugu yake kwa sababu mumeo alitaka kukufurahisha, na doti moja ya kanga ingetosha. Unasema ramani imekubali. Ramani haiishi Mlingotini, wala haiendi misibani. Bibi Ashura aliishi hapo mpaka watu wakazoea kumtaja. Wewe hata masanduku ya harusi hujamaliza kuyafungua.

Masoud akirudi leo, arudishe jina mbele yako. Akinuna, mwache anune, atapona. Kisha ongozaneni kwa wafiwa, mtoe pole, na yeye mwenyewe aseme kwa kinywa chake kwamba ndiye aliyelifuta. Mkitoka hapo, nendeni kwa Mama Mwanajuma mkaombe radhi, na habari ya maulidi usiitaje mpaka aitaje yeye.

Jumapili pika kidogo. Wengine watakuja mwakani.