Faili Langu Lina Damu ya Nondo

Mpendwa mshauri, nisaidie maana maji yamenifika shingoni, na mengine yako tumboni. Mimi ni mchanganya zege, mwaka wa tatu niko mbali na kwetu. Ili upewe kibali cha kuingia kazini lazima upimwe damu, na mimi niliogopa kwa sababu kaka yangu alikufa tumbo limewambwa kama ngoma, nikajua nikikutwa na kitu nitarudishwa nyumbani, basi nikamwomba mwenzangu wa chumba, tunamwita Nondo kwa wembamba wake, aingie kwa jina langu, na muuguzi hakuangalia picha, akamtoa damu Jumatatu kama Nondo na Jumanne kama mimi. Majibu yakaja safi, nikamnunulia soda.

Sasa miguu imevimba, buti haziingii, macho ni ya manjano. Daktari wa zahanati ya kazini alinitoa maji ya tumboni kwa sindano yakajaa ndoo, akafungua faili, akasema, "Virusi vya ini huna, imeandikwa hapa. Pombe unakunywa kiasi gani?" Nikasema sijawahi kuionja. Akacheka. "Wote mnasema hivyo, mzee." Ananipa vidonge vya kukojoa na mahubiri. Nilipomwambia Nondo nataka kusema ukweli, akajibu, "Sema, kaka, tufungashwe virago wote wawili. Mama yangu utamlisha wewe?" Mke wangu ana mimba ya miezi mitano tangu likizo yangu, na hajui lolote. Niseme au ninyamaze?

Mchanganya Zege

Mchanganya Zege, pole. Sasa tega sikio. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe umeyaficha hata kwa anayekutibu. Daktari wako si mjinga. Anamtibu Nondo, na Nondo ni mzima.

Kesho nenda hospitali nyingine, faili lile liache. Waeleze kifo cha kaka yako, omba upimwe upya virusi vya homa ya ini, B na C, na ini lipigwe picha. Nondo huna haja ya kumtaja. Ikiwa ni B, kuna kidonge cha kumeza kila siku bila kuruka. Kinavizuia virusi, ila makovu hakiyafuti. Sikufichi, umechelewa. Kazi nayo itakuponyoka, lakini kwa tumbo hilo zege ungelibeba mpaka lini?

Hayo ni ya kesho. Leo mpigie mkeo. Aende kliniki akapimwe, awaambie baba wa mtoto anashukiwa kuwa na virusi vya ini. Akikutwa navyo, mtoto achanjwe siku ile ile anapozaliwa, si wiki inayofuata. Atakuuliza kwa nini ulinyamaza miaka yote hiyo. Jibu zuri huna, kwa hiyo mpe la kweli: uliogopa kurudishwa nyumbani, na nyumbani ndiko aliko yeye.